Tulivyopeleka Ng'ombe Kisegi Mwaka wa Uchaguzi

Nimeulizwa habari za safari hii kazini, msikitini, kwa kinyozi, na hata nilipokwenda kutazamwa jino. Kila aliyeuliza nilimpa kipande, na vipande hivyo sasa vimezaa vingine. Juzi nimesikia kwamba nilikamatwa Nyatike kwa wizi wa ng'ombe. Sikukamatwa. Nimeyaandika yote hapa kwa mpangilio wake, kila mtu asome mwenyewe, na jina langu lisafike.

Marwa mnamjua. Ni fundi mwenzangu wa majokofu pale Changamwe, yule Mkuria mrefu asiyecheka upesi. Awuor pia wengi wenu mmemwona, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyemfundisha Marwa kucheka kidogo. Waliamua kuoana mwaka huu, na mwaka huu ulikuwa wa uchaguzi.

Kwao Marwa ni Kegonga, Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwao Awuor ni Kisegi, Suba Kusini, kando ya ziwa. Kisiasa, watu wengi wa sehemu hizo mbili walisimama pande tofauti. Mzee Chacha, babake Marwa, alikuwa wa upande mmoja mpaka kwenye kofia. Mzee Okeyo, ami yake Awuor aliyemlea tangu babake afariki, alikuwa wa upande wa pili mpaka kwenye mwavuli.

Marwa akaniomba niwe msemaji wa posa. Mzee Chacha hajui Kijaluo, akasema, na Mzee Okeyo hajui Kikuria. Watakutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili changu si cha kambi yoyote. Nami nikavimba kichwa. Nilianza kupanga maneno tangu basi letu lilipoondoka Mombasa. Awuor alikuwa ameshatangulia kwao. Habari za tiketi na vituo vya basi naziruka.

KEGONGA

Kegonga ni mahali pa juu, na baridi yake ya asubuhi ilinifanya nijifunge shuka la kitanda juu ya koti. Mamake Marwa aliponiona alicheka mpaka akashika ukuta. Akanikalisha jikoni, karibu kabisa na moto, akanipa uji wa wimbi. Baadaye niligundua kuwa wageni wa kiume hawakai pale. Hakuna aliyeniambia niondoke.

Tulitakiwa kusafiri siku ya pili yake, lakini lori halikuja. Mwenye lori alipiga simu kusema kwamba limekodiwa na mgombea mmoja kubeba watu mkutanoni, na likitoka huko litawapeleka kwenye mkutano wa mpinzani wake, maana watu wenyewe ni wale wale. Mzee Chacha alikasirika. Akavaa kofia yake ya chama akaenda mkutanoni kulitafuta lori. Alirudi jioni bila lori, na sauti imemkauka kwa kushangilia.

Kucheleweshwa huko nakushukuru, kwani ndiko kulikonionyesha watu wa pale. Mahindi ya mwaka huu yalikuwa yamepandwa mara mbili. Ya kwanza yalinyauka yakingoja mvua. Ya pili yalizolewa na mvua hiyohiyo ilipokuja imechelewa na imekasirika. Asubuhi moja nilimfuata Mzee Chacha shambani kwa jirani mjane, nikawakuta watu wanapanda kwa mara ya tatu. Walijipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka, na vichwani mwao kulikuwa na kofia za vyama vyote. Usiku uliotangulia watu haohao nilikuwa nimewasikia barabarani wakitishiana kuvunjiana viti.

"Mzee, hawa si ndio wale wa jana?" nikauliza.

"Ndio wao. Mura, sisi hapa tunagombana jioni. Asubuhi tunalima." Mura ni kijana kwa Kikuria, na nilifurahi kuitwa hivyo, maana hapa nyumbani mmeshaanza kuniita mzee.

Akanipeleka kwenye kijito kilicho chini ya boma lake. Zamani, alisema, kilikuwa kinasikika mpaka kitandani. Miti ya kingoni ilikwenda yote kukausha tumbaku, na kijito kikaanza kupotea kila kiangazi. Sasa yeye na majirani wamepanda miti mipya kwa pande zote mbili za maji, nayo ilikuwa imenifika kifuani. Mzee alikuwa akiigusa mmoja mmoja tulipopita, kama mtu anayesalimia watoto wa shule.

Ng'ombe wa mahari hawakuwa wake peke yake. Ndugu walileta, na jirani mmoja, wakala wa upande wa pili kwenye kituo cha kura, alileta ndama jike mwekundu. Walisalimiana kwa mikono miwili, Mzee akashukuru, kisha wakaanza kubishana juu ya urais kabla ndama hajafungwa kamba.

Mwishowe lori lilikuja, limejaa mabango pande zote. Tukapakia ng'ombe, tukaondoka: Mzee Chacha mbele na dereva, mimi na Marwa nyuma tukiwashikilia wanyama. Marwa alikuwa amevaa suti na tai. Nilimwambia avue, safari ni ndefu, akanijibu kwamba mamake ndiye aliyemfunga ile tai na hajui kuifunga tena.

MIGORI

Migori tulisimama kuwapa ng'ombe maji na kuziba gurudumu. Ilikuwa Ijumaa, nikaenda kuswali. Nilipotoka msikitini, mama mmoja mwenye duka la magodoro na vitambaa aliniita kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa.

"We mwanangu, wenda wapi na shati hilo?"

Ni lile shati langu la sikukuu mnalolijua. Sikuwa na habari kwamba rangi yake ilikuwa imeshachukuliwa na chama.

Mama huyo ni Bi Zuhura, mzaliwa wa Malindi aliyeletwa Migori na ndoa na hajataka kuondoka. Nilipomweleza tunakokwenda alishika kiuno. "Utaingia ukweni kwa watu na rangi hiyo? Hata salamu hawataisikia." Akaingia ndani akatoka na shati jeupe la marehemu mumewe, limepigwa pasi, akanipa nivae palepale nyuma ya magodoro.

Mlangoni mwake mlikuwa na picha za wagombea wote, wanatabasamu wamebanana. Nikamuuliza yeye ni wa nani.

"Kila aombaye kubandika, namruhusu. Mlango huu huingia watu wote. Na kura yangu iko kifuani mwangu, mume wangu mwenyewe alikufa hajaijua." Aliponiaga alinitilia leso ya kanga mfukoni, akasema nimpe bibi harusi, nimwambie imetoka kwa shangazi asiyemjua.

MASARA

Kutoka Migori tulishika njia ya Masara kumchukua Ouma, kakake Awuor. Yeye ni wa upande wa kupokea ng'ombe, hakupaswa kusafiri nasi, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara za chini na Awuor alimwomba aje atuongoze.

Masara ni kwa wachimba dhahabu. Nilitarajia kitu kinachong'aa. Nilikuta udongo mwekundu, mashimo yaliyofunikwa kwa mabati na turubai, mashine za kusaga mawe zinazonguruma, na wanawake waliokaa vikundi vikundi wakigonga mawe kwa nyundo huku wanapiga soga bila kusimamisha mkono. Tuliambiwa Ouma yuko chini. Tukasubiri mdomoni mwa shimo, mpaka kamba ikatikisika, wanaume wawili wakaivuta, na akatoka mtu mwenye rangi ya udongo mwili mzima, meno tu yanaonekana.

"Shemeji!" akamwambia Marwa, akafungua mikono amkumbatie. Marwa akaitazama suti yake, kisha akamkumbatia. Nilimpenda sana rafiki yangu dakika ile.

Ouma alioga, akatununulia chai na mandazi kibandani. Alikuwa mkulima na mvuvi, alisema, mpaka ziwa lilipopanda likachukua shamba lao. Ndiyo akaja kuchimba. Huku nako anaiogopa mvua kuliko alivyoiogopa kule, kwa sababu ikinyesha sana kuta za shimo hulegea.

"Na siasa?" nikauliza. "Hamgombani?"

Akawaonyesha kwa kidole wale wanaume wawili waliomvuta. "Huyo mrefu ni wa chama yangu. Huyo mfupi ni wa ile ingine, na ana mdomo huyo, we! Lakini mimi nikiwa chini, yeye ndiye namtaka kwa kamba. Hajawahi kusinzia."

MTO KUJA

Sasa nafika Nyatike, mahali palipozaa uvumi wote huu.

Karibu na Mto Kuja maji yalikuwa yameivunja barabara kabla ya daraja. Trekta lilikuwa linajaza mawe, na magari yamejipanga. Tulikaa pale karibu saa nzima. Akina mama walipita wakiuza nyoyo, ambayo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye magazeti ya habari za uchaguzi. Mzee Chacha alikataa samaki, kwao mlimani hawajazoea. Ouma akachukua bodaboda kwenda kutazama njia ya mbele, na alipokuwa hayupo, trekta likamaliza. Lori letu, kwa sababu limeinuka juu ya magurudumu, likaruhusiwa kupita la kwanza.

Ng'ambo ya mto kuna senta ndogo ya maduka. Watu wengi walikuwa wamekusanyika kumngoja mgombea ambaye msafara wake, kumbe, ulikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Walipoona lori lenye mabango limebeba ng'ombe walidhani ni kitoweo kilichotangulizwa. Wakashangilia, wakatuzunguka, vijana wakaanza kufungua mlango wa nyuma.

Marwa akapiga kelele, "Hapana! Si wa kuchinjwa!"

"Ni za nani, basi?" akauliza kijana mwenye filimbi. "Mbona unaongea kama Mkuria? Hii ng'ombe imetoka wapi?"

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Nikasimama juu ya lori, nikavuta pumzi, na kwa sauti yote niliyopewa nikasema, "Enyi ndugu zetu! Sisi ni wageni wenu, nasi tumekuja kuposa!"

Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma upande wa pili. Watu wakatazamana. Kijana mwenye filimbi akageuka akawapigia wenzake kelele, "Anasema wamekuja kupora!"

Mnajua historia ya wizi wa mifugo mpakani kule, na mnajua mwaka wa uchaguzi ulivyo. Mtu akachomoa ufunguo wa lori. Mwingine akaokota jiwe, hakulirusha, alilishika tu. Mzee Chacha akafungua mlango akashuka, akasimama mbele ya watu wale peke yake, mikono wazi, akisema "Hapana, hapana, hapana," kwa sauti ya chini.

"Kuposa!" nikapiga kelele. "Po-sa! Si kupora!"

Mama mmoja muuza nyanya, mnene, amejifunga leso kichwani, akaja mpaka ubavuni mwa lori. "Wewe mwenye shati nyeupe. Kuposa ni nini?"

"Ni kuomba mke, mama."

"Wewe unaomba mke?"

"Si mimi. Ni huyu."

Akamtazama Marwa. Suti ilikuwa na udongo wa Masara kifuani na kinyesi cha ng'ombe magotini, uso unatiririka jasho, na tai imekaa palepale mamake alipoiweka.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa kina Awuor," Marwa akajibu. "Kisegi."

Yule mama akawageukia watu akasema maneno ya Kijaluo, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili nasi tuyasikie. "Mwizi gani anaiba na tai? Nyinyi macho yenu iko wapi? Huyu ni bwana harusi!"

Kwanza alicheka mtu mmoja. Halafu kicheko kikaenda mpaka nyuma. Mwenye jiwe aliliangusha akajifuta mkono kwenye suruali. Yule mama akapiga kigelegele, wenzake wakapokea, na mtu wa kipaza sauti, ambaye alikuwa ameishiwa na la kusema tangu asubuhi, akatangaza kwamba mkwe wa Wasuba amefika na apewe njia. Ouma aliporudi na bodaboda alitukuta tunachezeshwa katikati ya barabara, Mzee Chacha amevishwa shada la majani. Yule kijana mwenye filimbi ndiye aliyeturudishia ufunguo. Aliushika mkono wangu asiuachie. "Buda, pole. Next time sema kuoa. Kuoa tunajua."

KISEGI

Tulipita chini ya vilima vya Gwassi, ziwa likiwa kushoto kwetu, tukafika Kisegi jua linaelekea kuzama. Mamake Awuor alikuwa amesimama barabarani. Hakusema karibu. Alisema, "Mmekula?"

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu wa kimyakimya juu ya chakula, na nilikuwa nimejiandaa kula mboga. Mama akanichukua mpaka nyuma ya jiko. Kuku alikuwa amefungwa mguu chini ya ghala. "Awuor alituambia. Tumekungoja uchinje kwa mkono yako." Kisu kilikuwa kipya, na sufuria, akaniambia, ameinunua kwa ajili yangu. Nikapiga Bismillahi, nikachinja.

Walituandalia pia ngege mzima mzima na ugali wa mtama na mihogo. Mzee Chacha alimtazama samaki wake, na samaki akamtazama yeye. Mama alikaa kando yake, akamtoa miiba mmoja mmoja kwa vidole, akamsogezea nyama nyeupe. Mzee alikula. Akaongezewa, akala tena.

Asubuhi tukakaa kwa mazungumzo. Mzee Okeyo alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mwavuli wa chama chake umeegemezwa kwenye kiti. Nikasimama nikayatoa yale maneno niliyoyapanga tangu Mombasa: bustani, ua, nyuki, harufu ya asumini, yote. Nilipotua kupumua, Mzee Okeyo akainua mkono.

"Kijana, wewe unaongea vizuri sana. Unaongea kama mtu anatafuta kura. Kaa chini kidogo. Nataka kusikia hawa."

Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Nikakaa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

"Mimi sikatai Marwa," alisema Mzee Okeyo. "Mimi nataka tungoje. Uchaguzi ipite, matokeo itangazwe, watu watulie. Halafu mrudi."

Mzee Chacha akauliza, "Kwa nini? Sisi tumefanya nini?"

"Hamjafanya kitu. Ngoja nikuambie. Zamani nilikuwa fundi viatu, mji ya mbali. Jirani yangu alikuwa mtu mzuri, wa kabila ingine. Watoto yake walikuwa wanalala kwangu. Ikafika uchaguzi, ikaharibika. Vijana wakaanza kuchoma. Huyo jirani hakunichoma. Hakunitukana. Alifunga mlango yake tu. Mimi na bibi yangu tukagonga, tukagonga. Nilikuwa nasikia anapumua ndani." Akamtazama Awuor, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Mimi sikumchukia. Aliogopa. Lakini nyinyi naona ni watu wazuri, kama yeye. Siku mlango yenu ikifungwa, huyu mtoto atagonga wapi?"

Marwa aliinamisha kichwa. Nilidhani tumeshindwa, tutapakia ng'ombe turudi.

Mzee Chacha alivua kofia yake, akaishika mapajani.

"Okeyo," alisema, "mimi siwezi kukuambia watu ya kwetu wote ni wazuri. Sijui. Hata wewe hujui ya kwenu. Mimi najua mlango yangu. Ni ya mbao, nilitengeneza mwenyewe. Mtoto wenu atakuja kupiga kura na bwana yake, watakuwa kwangu siku hiyo ya matokeo. Na wewe kuja. Kuja ukae ndani. Ikifungwa, ifungwe wewe ukiwa ndani."

Mzee Okeyo alimtazama. "Nije Kegonga? Siku hiyo?"

"Siku hiyo."

Mzee Okeyo alimgeukia Awuor akamwambia kitu kwa Kijaluo, naye akaja akamimina chai, akaanza na kikombe cha Mzee Chacha. Ouma akaninong'oneza, "Imeisha. Wamekubali."

LANGO

Kumbe haikuwa imeisha. Mzee Okeyo alisema ng'ombe wa mahari huingia kwa lango la boma la baba wa msichana, na boma walilokuwa wakiishi sasa, juu ya kilima, si la babake Awuor. La babake liko kule chini. Akanyoosha mkono, nami nikafuata kidole chake mpaka ziwani.

Tuliteremka wote. Mamake Awuor alinionyesha minyaa mikavu iliyotokeza juu ya maji kwa mstari, myeusi kama vijiti vya kiberiti vilivyoungua. Ule ndio ulikuwa ua wa boma lao. Ziwa lilikuwa limepanda polepole, msimu baada ya msimu. Kwanza likaja kwenye migomba, kisha kwenye choo, kisha asubuhi moja wakaamka viatu vinaelea chini ya kitanda. Kaburi la mumewe lilikuwa ndani ya ua. Bado limo.

"Lango ni pale," alisema. "Kati ya ile miwili imeachana."

Hapakuwa mbali. Ouma na vijana wengine waliingia kwanza na fimbo ndefu, wakapiga maji na kupiga kelele kuangalia kama kuna kiboko. Walipotupa ishara, Marwa akavua viatu. Akakunja suruali ya suti, akashika kamba ya ng'ombe wa mbele, akaingia ziwani.

Ng'ombe wa Kegonga walikuwa hawajaona maji mapana namna ile. Walisimama wakakoroma. Yule ndama mwekundu ndiye aliyetangulia, akafuata miguu ya Marwa, na wengine wakamfuata. Maji yaliwafika magotini, kisha tumboni. Mzee Chacha naye akaingia, na viatu vyake. Nami nikaingia na shati la marehemu mume wa Bi Zuhura.

Juu barabarani likapita gari la kampeni. Kipaza sauti kiliahidi kwamba mgombea akichaguliwa atajenga ukuta, atalirudisha ziwa mahali pake. Mamake Awuor hakugeuka. "Aanze kwa kuongea na viboko," alisema, na wanawake wakacheka wakifuta macho.

Tulipofika kwenye ile minyaa miwili, Mzee Okeyo alisimama upande wa ndani, maji yamemfika kiunoni, mwavuli ameuacha ufukweni. Akaita jina la ndugu yake aliyekufa, akasema naye kwa Kijaluo, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili. Niliwauliza baadaye alisema nini. Awuor aliniambia: alimwambia wageni wamefika, wametoka mbali, na wamepita mlangoni.

Ng'ombe wakapita kati ya ile minyaa mmoja mmoja. Wengine waliinamisha vichwa wakanywa maji palepale. Kisha tukawazungusha, tukawapeleka kilimani kwenye boma jipya, na njia nzima maji yalikuwa yanadondoka matumboni mwao. Mimi nimehudhuria harusi nyingi hapa pwani, zenye matarumbeta na mataa. Hakuna ninayoikumbuka kama ile.

SIKU ZA KUNGOJA MATOKEO

Nilirudi Mombasa kabla ya kura. Yaliyofuata nimeyapata kwa Marwa na Awuor, ambao walikwenda Kegonga kupiga kura na wakabaki kule.

Siku iliyofuata upigaji kura, wakati nchi nzima imefunga maduka na watu wanatazama simu, Mzee Okeyo aliteremka kwenye bodaboda mbele ya boma la Mzee Chacha. Alikuwa na mkoba wa nguo na mfuko wa samaki wakavu. Alikuwa amepanda magari ya kuungaunga tangu Kisegi, na njiani wote walimwambia arudi. Mzee Chacha alitoa kitanda chake akampa.

Walikaa siku zote zile za kuhesabu, redio moja katikati yao. Mchana walikwenda kijitoni kutazama miti, na Mzee Okeyo akaonyesha namna ya kusuka uzio wa fito ili mbuzi wasiifikie. Majirani wa vyama vyote walipita kumsalimia mgeni, na wengine, Awuor anasema, walipita ili waonekane wamepita. Mlango wa mbao ulikaa wazi.

Jioni matokeo yalipotangazwa walikuwa wamekaa sebuleni, Marwa na Awuor pamoja nao. Jina la mshindi lilipotajwa, nje kukaanza vifijo upande mmoja wa soko, na upande mwingine kimya. Mmoja wa wale wazee alikuwa ameshinda na mmoja alikuwa ameshindwa. Aliyeshinda akainuka, akaizima redio, akaketi tena karibu na mwenzake, akauliza kama kuna chai.